Rovu, Jitihada ya Tezi Yenye Njaa

Tabibu atakaye kuijua hali ya shingo ya mgonjwa wake husimama nyuma ya kiti, akaziweka ncha za vidole vyake taratibu chini ya kikoromeo, kisha akamwomba mgonjwa apige funda moja la maji na kulimeza. Na wakati ule ule wa kumeza, kitu laini chenye mabawa mawili yaliyoungana katikati, ambacho kwa mtu mzima mwenye siha hakizidi gramu 25 hivi na aghalabu hakionekani kwa macho, hupanda juu pamoja na koo na kuteremka tena chini ya vidole vyake. Hiyo ndiyo tezi ya thairoidi. Ikiwa imekua hata ikaonekana kutoka mbali, watu huiita rovu, na juu ya rovu yamesemwa mengi: kwamba ni matokeo ya kubeba mizigo mizito kichwani, kwamba ni aibu ya ukoo usiofaa kuolewa, kwamba ni kisirani au kijicho cha jirani. Nia yangu katika makala haya ni kuitetea tezi hiyo pamoja na mwenyewe, kwa sababu kila ajuaye jinsi homoni zinavyotenda kazi mwilini ataona dhahiri kuwa rovu, katika asili yake iliyo ya kawaida zaidi, si uvivu wala uasi wa kiungo, bali ni jitihada ya mtumishi mwaminifu aliyeamriwa kufanya kazi naye hana kitu cha kuifanyia.

Tezi za mwili wa mwanadamu ni za jamii mbili. Ziko zile zenye mifereji, kama za mate, za machozi na za jasho, ambazo kila moja hupeleka majimaji yake mahali maalumu kwa njia yake yenyewe; na ziko zile zisizokuwa na mfereji hata mmoja, ambazo hutia zao lake moja kwa moja katika damu, na damu ikalieneza mwili mzima. Hizi za pili ndizo zitoazo homoni. Chini ya ubongo, katika kishimo cha mfupa, imening'inia tezi ya pituitari, yenye uzito wa nusu gramu tu. Shingoni iko thairoidi, na mgongoni mwake zimejibanza tezi nne ndogo zinazosimamia kalsiamu ya damu. Juu ya figo zimekaa tezi mbili zitoazo, pamoja na mengine, adrenalini iufanyayo moyo kwenda mbio mtu aonapo hatari. Nyuma ya tumbo la chakula liko kongosho, ambalo lina fungu katika jamii zote mbili, kwa kuwa hupeleka maji ya kumeng'enyea chakula utumboni kwa mfereji, na insulini katika damu bila ya mfereji. Na mwisho ziko kokwa za mwanamume na vifuko vya mayai vya mwanamke, ambavyo kazi yake haihitaji maelezo hapa.

Mpaka mwanzo wa karne ya 20 wanavyuoni wengi wa tiba waliamini kuwa kiungo hakiwezi kukiamuru kiungo kingine ila kwa njia ya neva. Mwaka 1902, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walizikata neva za kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia tindikali ndani ya kipande hicho, nalo kongosho, ambalo halikuwa tena na njia ya kupewa habari kwa neva, likatoa maji yake vilevile kama desturi. Wakakwangua utando wa ndani wa utumbo, wakausaga pamoja na tindikali, wakayachuja majimaji yake na kuyadunga katika mshipa wa damu, na kongosho likaitikia tena. Basi habari ilikuwa imesafiri katika damu. Na mwaka 1905 Starling alivipa vitu vya namna hii jina la homoni, ambalo ndilo tulitumialo hata leo.

Lakini ikiwa damu hufika kila mahali, mbona amri iliyomo ndani yake haifuatwi na kila kiungo? Jawabu lake ni kwamba chembe hai za mwili zina vipokezi, na kila kipokezi kimeumbwa kuafikiana na homoni yake peke yake, hata homoni ikawa kama mtu aitwapo kwa jina lake katika soko lililojaa watu: sauti huwafikia wote, lakini ageukaye ni mmoja. Thairoidi ina daraja yake ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa karibu kila chembe ya mwili, ya moyo na ya ini, ya mfupa na ya ngozi, ya ubongo wa mtoto aliye bado tumboni mwa mama yake, ina kipokezi cha homoni yake. Homoni hiyo huingia mpaka katika kiini cha chembe, mahali zilipowekwa jeni, na huko huziamsha baadhi na kuzituliza nyingine, ili chembe ichome chakula kwa kasi ipasayo, itoe joto lipasalo, na ikue kwa wakati upasao.

Mamlaka makubwa namna hii hayakuachwa bila ya mizani. Katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, chembe chache hutoa homoni ya kwanza, ambayo huteremka kwa mishipa midogo hadi katika pituitari. Pituitari nayo hutoa homoni ya pili, ile ya kuihimiza thairoidi. Thairoidi hutoa homoni ya tatu, nayo, ikishafika kiasi cha kutosha katika damu, hurudi na kuzinyamazisha zile mbili zilizoitangulia. Ikipungua, ukimya huondoka na himizo huanza upya. Hakuna afisa asimamiaye. Kinachosimamia ni kiasi chenyewe cha homoni ndani ya damu, mchana na usiku, kwa miaka yote ya uhai wa mtu. Kuithibitisha homoni ile ya kwanza kulikuwa taabu isiyo kifani, maana Roger Guillemin na Andrew Schally, waliokuwa wenzi kisha wakawa washindani wakali, walisaga malaki ya vipande vya ubongo, huyu vya kondoo na yule vya nguruwe, vilivyokusanywa machinjioni, ili wapate miligramu chache tu za kitu hicho. Mwaka 1969 wote wawili walilijua umbile lake, na mwaka 1977 wakashirikishwa Tuzo ya Nobel.

Sasa na tuiangalie karakana ya thairoidi yenyewe. Ukikata kipande chembamba cha tezi hii na kukiweka chini ya hadubini, utaona vifuko vingi vya duara, vikubwa kwa vidogo, ambavyo kuta zake ni safu moja ya chembe, na ndani yake mmejaa uteute mzito wa protini. Chembe za ukutani huinyakua iodini kutoka katika damu, hata iodini iliyomo ndani ya tezi ikazidi ile ya damu mara 20, mara 40, na zaidi wakati wa dhiki. Huipitisha hadi katika uteute, na huko huifunga kwenye protini. Zao kubwa ni thairoksini, ambayo kila molekuli yake imebeba atomi nne za iodini. Zao dogo lina atomi tatu tu, lakini ndilo lenye nguvu zaidi, na sehemu kubwa ya hilo hufanyizwa nje ya tezi, katika ini na viungo vingine, kwa kuiondolea thairoksini atomi moja. Tezi nyingine za homoni hazina kawaida ya kuweka akiba kubwa, bali thairoidi huweka akiba ya miezi miwili au mitatu, na thairoksini ikishaingia katika damu hukaa humo siku nyingi, kiasi kwamba nusu yake huwa bado ipo baada ya juma zima. Hii ndiyo sababu ya maradhi yake kuja polepole, yakamzoea mtu naye akayazoea.

Homoni hiyo ikipungua, mtu huhisi baridi wakati wenzake wanajipepea. Ngozi hukauka, sauti hukwaruza, choo huwa kigumu, uzito huongezeka bila ya kuongeza chakula, moyo hupiga polepole, na fikira huwa nzito hata aliyekuwa mwepesi wa maneno akatafuta neno na asilipate. Ikizidi, mambo hugeuka: moyo hukimbia, mikono hutetemeka, jasho hutoka bila ya kazi, mwili hukonda ilhali mtu anakula vizuri, na pengine macho hutokeza nje. Wangapi wamehesabiwa wavivu kwa ile hali ya kwanza, na wangapi wamedhaniwa kuwa na wazimu au kurogwa kwa hii ya pili, kabla ya kupatikana mtu wa kuwapima damu!

Habari za iodini zilianza pwani, katika majivu ya mwani. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois, aliyekuwa akitengeneza shura kwa ajili ya baruti za majeshi ya Napoleon, alimimina asidi kali kupita kiasi juu ya mabaki ya majivu hayo, akaona mvuke wa rangi ya zambarau ukipaa na kugandamana kuwa vipande vyeusi vyenye kumeta. Miaka tisa baadaye, mwaka 1820, tabibu wa Geneva, Jean-François Coindet, akijua kuwa majivu ya viumbe vya baharini yalikuwa dawa ya zamani ya marovu, aliwapa wagonjwa wake iodini yenyewe, na marovu mengi yakapungua. Lakini wengine walidhurika kwa kuzidishiwa kipimo, na dawa ikaingia katika shutuma. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1895 ndipo Eugen Baumann, huko Freiburg, alipoikuta iodini ndani ya tezi yenyewe, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitazamia.

Baina ya miaka hiyo ilikuwako huzuni moja yenye mafunzo. Theodor Kocher wa Bern alikuwa bingwa wa kukata marovu, na kwa ustadi wa mikono yake vifo vya upasuaji huo vilipungua sana. Hata hivyo alipowaita tena wagonjwa aliowaondolea tezi yote, aliwakuta wamevimba nyuso, wamepumbaa, na watoto miongoni mwao wamedumaa. Mwaka 1883 aliyatangaza hayo mbele ya wenzake, hakuyaficha, na tangu hapo akaacha kuiondoa tezi nzima kwa sababu ya rovu la kawaida. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, nami naona kuwa ule ukweli wake wa mwaka 1883 ulistahili tuzo kuliko wepesi wa kisu chake. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alimdunga mwanamke wa miaka 46, mwenye upungufu ule ule wa homoni, maji ya tezi za kondoo. Mwanamke huyo akarudiwa na uchangamfu wake, akaishi mpaka mwaka 1919, na katika miaka hiyo 28 alikuwa ametumia tezi za kondoo zaidi ya 870.

Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na ya mama mjamzito ni 250. Ukizikusanya za siku zote za mtu aliyejaliwa miaka 70, hazifiki gramu nne, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Lakini kiasi hicho kidogo lazima kitoke mahali. Mvua za zama na zama zimeikosha iodini katika udongo wa milimani na kuipeleka baharini, na mahindi, maharage na viazi viotavyo katika udongo ule havina cha kumpa mlaji. Basi thairoksini hupungua katika damu. Ule ukimya niliousimulia huondoka. Pituitari hupaza himizo lake. Na tezi, kwa kuwa haina njia nyingine ya kutii, huzidisha chembe zake na kupanua vifuko vyake, ili isipotewe hata na atomi moja ya iodini ipitayo katika damu. Rovu ndiyo alama ya utiifu huo. Mara nyingi hufaulu, na mwenye rovu akawa na homoni za kutosha na akili timamu kuliko za wanaomcheka. Kwa hiyo kumnyima binti mume kwa sababu ya shingo yake, hali wakwe hao hao wanakula ugali ule ule uliotoka katika udongo ule ule, ni dhuluma isiyo na hoja.

Upo na mhogo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu huko Kongo, watafiti wa Kibelgiji na Kikongo waliona katika miaka ya 1960 na 1970 kuwa marovu yalizidi upande wa kaskazini kuliko kusini-magharibi, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote. Na uchunguzi ukawaelekeza katika chakula. Mhogo mchungu una sumu ya sianidi, ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kisichoua, thayosayaneti. Lakini kitu hicho, kikizidi katika damu, huizuia iodini mlangoni pa tezi. Mama anayeuloweka mhogo wake siku kadhaa, akauanika vizuri juani kabla ya kuutwanga, anaiondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo, na palipo na iodini ya kutosha mhogo haudhuru tezi. Madhara huja pale mambo mawili yanapokutana, iodini haba na mhogo usiotayarishwa.

Lakini rovu, pamoja na kuchukiza kwake machoni, ndilo dogo katika madhara haya. Ubongo wa mtoto hujengwa tumboni kwa amri ya thairoksini, na katika miezi mitatu ya kwanza mtoto hana tezi ifanyayo kazi, hutegemea ya mama yake tu. Mama akiwa na upungufu mkubwa, mtoto huweza kuzaliwa kiziwi, bubu, mwenye miguu iliyokakamaa na akili iliyodumaa, na hakuna dawa ya baadaye iwezayo kuyarudisha yaliyopita. Mama akiwa na upungufu wa kadiri, mtoto huonekana mzima, hucheza na kucheka kama wenziwe, lakini darasani hukokota, mwalimu akamwadhibu na mzazi akakata tamaa. Mimi huona uchungu zaidi kwa huyu wa pili, kwa kuwa hakuna amwoneaye huruma.

Dawa ya yote haya ni chumvi, kwa kuwa hakuna nyumba isiyoila, tajiri kwa maskini. Uswisi ilianza kuitia chumvi yake iodini mwaka 1922, na jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1924. Tanzania, ambako nyanda za juu za kusini, Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika mno, ilianza katika miaka ya 1980 kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini kwa jitihada ya Taasisi ya Chakula na Lishe, na katika miaka ya 1990 ikaweka sheria ya kutia madini joto, yaani iodini, katika chumvi. Na watoto waliozaliwa Makete na Ludewa, katika nyanda hizo hizo, baada ya hapo wana shingo ambazo bibi zao hawakuwa nazo.

Sisi wa pwani tulijidanganya kwamba jambo hili halituhusu, maadamu tunaishi kando ya bahari na chumvi twaivuna wenyewe. Na tufanye hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi na mikrogramu 60 tu hivi za iodini. Basi mtu alaye gramu 10 za chumvi ya bahari kwa siku, hata ingalikuwa jua halikupeperusha chochote katika majaruba, asingepata mikrogramu 20, ambazo hazifiki hata moja ya saba ya haja yake. Haikuwa ajabu, basi, uchunguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipoonyesha kuwa upungufu wa iodini ungali unaendelea Unguja na Pemba, visiwa vilivyozungukwa na maji ya chumvi kila upande. Wavunaji wadogo wa chumvi, wenye majaruba mawili matatu na mapipa yao, ndio wanaohitaji kusaidiwa mashine za kunyunyizia na dawa yenyewe kwa bei wanayoimudu, wala si kutozwa faini tu.

Na nyumbani, chumvi iliyokwisha kutiwa madini joto inataka hadhari. Iko dawa ya majaribio katika kichupa kidogo, ambayo ndani yake mna wanga: ukidondosha tone moja juu ya chumvi nyeupe na chumvi ikageuka zambarau ya kuiva, madini yamo, isipobadilika, hakuna kitu. Chumvi ya gunia lililoachwa wazi mlangoni pa duka, ikinywa unyevu wa masika na kuchomwa na jua la kiangazi, huweza kupungukiwa hata mnunuzi akalipia asichokipata. Inunuliwe iliyofungwa, iwekwe katika chombo chenye kifuniko mbali na moto, na itiwe chunguni chakula kikikaribia kuiva. Wala hakuna haja ya kuzidisha chumvi kwa tamaa ya madini, kwa maana kipimo kimewekwa kwa mlo wa kawaida, na chumvi nyingi ina maradhi yake ya moyo na mishipa.

Isidhaniwe kuwa kila rovu ni la upungufu wa iodini. Liko linalotokana na kinga ya mwili kuishambulia tezi au kuichochea bila ya kiasi, na yako mavimbe magumu, hasa yakuayo upesi, yenye kubadili sauti au kuzuia kumeza, ambayo hayafai kungojwa hata wiki moja bila ya kuonwa na tabibu. Mwenye upungufu wa homoni hupewa thairoksini ya vidonge, sawa kabisa na ile ya mwilini, ameze kimoja asubuhi kabla ya kula, kila siku, aghalabu maisha yake yote. Na asikiache kwa sababu amepata nafuu, kwani nafuu yenyewe ndiyo kazi ya kidonge.

Limebaki moja, nalo ni la watoto wachanga. Kiasi cha mtoto mmoja katika kila 2,000 hadi 4,000, hata mama awe na iodini ya kutosha, huzaliwa na tezi isiyofanya kazi au bila ya tezi kabisa. Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, tangu miaka ya 1970, kila mtoto huchomwa kisigino katika siku zake za mwanzo, tone la damu likadondoshwa juu ya karatasi na kupimwa, na akionekana na upungufu huanzishiwa thairoksini kabla ya kutimiza wiki mbili, akakua na akili zake zote. Kwetu desturi hii haijaenea katika wodi za wazazi, nami naiombea ienee, kwa kuwa dawa yake ni ya bei nafuu. Hadi hapo itakapoenea, mama na mkunga ndio walinzi: mtoto mchanga ambaye manjano yake hayaondoki baada ya wiki mbili, alalaye mno na kunyonya kwa uvivu, ambaye ulimi wake ni mkubwa, kilio chake ni cha kukwaruza, choo chake ni cha shida na kitovu chake kimetokeza, asisifiwe kuwa mtoto mpole, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mama aombe damu ya mwanawe ipimwe homoni ya thairoidi.